Dola 60 za kujifunza kufikiri: hesabu yetu kwa wenzetu

Wenzetu wa Katuba, wa Kenya (komini yetu, haina ile inchi), wa Kamalondo, wa Ruashi, wa Kampemba na wa kule mbali ku Annexe,

Mwezi uliopita tulichukua dola 60 mu sanduku ya kundi na tukanunua masomo ya sauti juu ya namna ya kufikiri kwa mpango. Leo tunawatolea hesabu, juu zile feza hazikuwa zetu peke yetu. Zilitoka kwa mwenye anauzisha mega pa kona, kwa mwenye anaendeshaka moto usiku, kwa dada mwenye anasuka nywele mu parsela ya mama yake na diploma yake ya uchumi iko ndani ya valizi. Franka 1,000, franka 2,000 kila wiki. Tena zilikuwa zimekwisha kupangiwa kazi: kutoa kopi za mukanda wetu juu ya umeme, na kukodi kipaza sauti siku mbili.

Sisi wenye tunaandika hapa tuko saba. Tulinyoosha mukono wa ndiyo. Wenzetu wawili walikataa, na walikuwa na haki.

Mambo yalianza hivi. Kocha mumoja, jina lake tunaliacha juu hatutaki kumufanyia matangazo ya bure, alikuwa anapitisha sauti fupi za dakika mbili mu makundi ya WhatsApp. Sauti nzuri, ya polepole, na piano chini chini. «Ndugu kijana, haukosi kazi. Unakosa mpango wa kufikiri.» Akasema wakubwa wa makampuni ya Marekani na Japani wanafikiri na vifaa, lakini sisi huku tunafikiri na hasira. Sauti 12, dola 15 kwa mutu mumoja, dola 60 kwa kundi zima. Mwenye anataka sertifika aongeze dola 10.

Mutu mwenye amemaliza miaka miwili na lisansi mu mukono, na hajaitwa hata siku moja kuulizwa maswali ya kazi, neno sawa lile linamuingia. Linamuingia juu linamupa kitu cha kufanya. Kama shida iko mu kichwa yangu, naweza kuanza kuitengeneza usiku huu, na ekuta mu masikio. Kama iko fasi ingine, usiku huu nitafanya nini? Njo vile alitukamata. Hatukuwa wajinga, tulikuwa tumechoka, na kocha anajua vizuri saa gani mutu mwenye amechoka anafungua simu.

Tulisikiliza pamoja siku za yenga tatu, mu parsela ya mwenzetu, simu ndani ya sufuria ili sauti iwe kubwa. Mwenzetu wa mahesabu alishika saa. Sauti zote 12 ni saa 3 na dakika 52. Ndani yake, dakika 41 ni salamu, shukrani na baraka. Dakika 58 ni ushuhuda wa watu wenye hawana jina wala muji, wenye walikuwa masikini na sasa wanatembea na gari. Dakika 30 ni kutangaza «nivo ya pili», yenye bei yake ni mara mbili. Mbinu zenyewe zilipata saa 1 na dakika 43. Basi tuongelee ile saa 1 na dakika 43, juu pale njo kuna mambo.

Sauti ya tatu inafundisha ramani ya mawazo. «Chora duara katikati ya karatasi. Sasa, sawa vile munaona, tawi la kushoto linagawanyika mara tatu.» Sawa vile munaona! Tulikuwa tunaangalia sufuria. Mutu mwenye alifanya ile mbinu ijulikane ni Mwingereza Tony Buzan, na aliipeleka kwa watu wengi mu televizyo ya BBC mwaka 1974. Televizyo, wenzetu. Na kalamu za rangi, na picha. Hata mufupa wa samaki wa Ishikawa, ile picha ya Mujapani yenye inapanga sababu za shida kila moja ku mufupa wake, ni kitu cha macho. Kocha alichukua vitu vya kuchora akavifundisha ku masikio, na hakutuma hata picha moja. Picha moja ya simu haina hata mega moja.

Hapa tucheke kidogo. Sisi wenye tulipita mu universite ile namna tunaijua. Mwalimu anaingia, anasoma silabi yake kwa sauti, sie tunaandika, na mwenye hakununua silabi anaona matokeo ku mutihani. Lojiki tuliisoma mwaka wa kwanza vile vile, kwa kuandikishwa. Kwa hiyo kocha hakuleta kitu kipya. Tulilipa mara ya pili kwa kuandikishwa, na mara hii bila mulango wa kutokea.

Lakini picha si shida kubwa. Shida kubwa iko mu sauti ya tano, yenye inaitwa «Juu ya nini mara tano». Hapa tunaomba musome polepole.

Ile mbinu ni ya Toyota. Taiichi Ohno, mwenye alikuwa mukubwa wa utengenezaji kule, aliieleza mu kitabu chake cha mwaka 1978 na mufano wa mashini yenye imesimama. Juu ya nini imesimama? Fyuzi imeungua, juu mashini ilibeba uzito kupita nguvu yake. Juu ya nini ilibeba vile? Beringi haikupata mafuta ya kutosha. Juu ya nini? Pampu ya mafuta haivuti sawasawa. Juu ya nini? Muti wa pampu umelika. Juu ya nini umelika? Hakuna chujio, basi vipande vya chuma viliingia ndani. Jibu: weka chujio. Kama ungesimama ku swali la kwanza, ungebadilisha fyuzi, na kesho ingeungua tena.

Angalieni vizuri fasi gani ile safari inaisha. Inaisha ku chujio. Haiishi ku mufanyakazi mwenye alikuwa amesimama karibu na mashini. Ohno hakuuliza mara tano ili afike kwa mutu wa kulaumu. Aliuliza ili afike ku kitu chenye kinakosa mu mupango wa kiwanda. Na wale watu wa Toyota wanasisitiza kwamba unaenda pale mashini iko, unaiangalia na macho yako, unagusa. Hauulizi ukiwa umelala ku kitanda.

Sasa sikieni kocha wetu. «Juu ya nini hauna kazi? Juu sijaitwa. Juu ya nini haujaitwa? Juu CV yangu haivutii. Juu ya nini haivutii? Juu sijajua kujiuzisha. Juu ya nini haujajua? Juu sijajiamini. Juu ya nini haujajiamini?» Anangojea kidogo, piano inapanda. «Juu ya MIMI.» Na anatuambia turudilie kwa sauti, mara tatu. Watu tisa mu parsela ya Katuba, mbele ya sufuria, tunasema juu ya mimi, juu ya mimi, juu ya mimi. Mama mwenye parsela alitoka inje kuangalia kama ni maombi.

Alitoa mifano sita mu ile sauti: kazi, deni, ndoa, mutoto mwenye anaanguka ku masomo, biashara yenye inakufa, ugonjwa. Yote sita iliisha ku «juu ya mimi». Mbinu yenye inatoa jibu moja kwa maswali yote haiko mbinu tena. Kifaa chenye kilitengenezwa juu ya kuchunguza mashini, yeye alikigeuza kikawa cha kuchunguza mwenye anaumia, na mashini yenyewe haiguswi.

Tujaribu sisi, hapa hapa, mu muji huu. Inchi yetu inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, na sehemu kubwa inatoka Lualaba na Haut-Katanga. Malori yanapita usiku na muchana. Juu ya nini mwenye lisansi ya ujenzi wa mitambo anauzisha mega? Juu hakuona tangazo la kazi. Juu ya nini hakuliona? Juu kazi nyingi zinapitia makampuni madogo yenye yanafanyia yale makubwa, na huko watu wanaingia kwa kujulikana. Juu ya nini inakuwa vile, na tangu tarehe 8 Februari 2017 kuna sheria yenye inasema zile kazi za chini ziwe za makampuni yenye feza na uongozi ni vya Wakongomani? Hapo swali limefika ku sheria, ku mamlaka yenye iliwekwa juu ya kuilinda, ku majina ya wenye hisa. Tuko tu ku swali la tatu, na ile «mimi» ya kocha iko mbali sana.

Ao turudi nyuma. Miaka ya 2003 na 2004 Gécamines iliachana na wafanyakazi zaidi ya 10,000, mu mpango wenye Benki ya Dunia ilitolea feza, na wakauita kuondoka kwa kupenda. Watu elfu kumi kwa mara moja. Walikosa wote kujiamini siku moja?

Tusikiwe vizuri. Hatusemi kijana hana kosa hata moja. Kuko wenye wanatuma CV na makosa kumi ku ukurasa moja, na ndani yetu saba wako. Tunasema kwamba swali lenye linakatazwa kutoka mu kichwa ya mwenye anauliza haliko swali, ni kifungo.

Sauti ya saba ni kofia sita. Hii pia ina mwenyewe: Edward de Bono, mutu wa Malta, kitabu chake kilitoka mwaka 1985. Kofia nyeupe ni ya habari na hesabu, nyekundu ya moyo, nyeusi ya kuona hatari, njano ya kuona faida, kijani ya mawazo mapya, bluu ya mwenye anaongoza mazungumzo. Wazo lake ni rahisi na tuliona linafaa: wote muvae kofia moja kwa wakati moja, ili mukutano usiwe vita ya mwenye anapenda na mwenye anakataa. Lakini kocha alisema kofia nyeusi ni «kofia ya roho mbaya», tuivue na tuitupe. De Bono hakusema hivyo hata kidogo. Kwake kofia nyeusi ni ya lazima, njo inazuia mutu asiingie mu shimo. Na kofia nyeupe, ya hesabu, kocha aliipitia mu sekunde 40. Tulihesabu.

Wale wenzetu wawili wenye walikataa kununua, siku ya kura walifanya nini? Waliuliza: sauti ni ngapi, dakika ngapi, nani amezisikia mbele yetu, na kama hazifai feza zinarudi? Kofia nyeupe na kofia nyeusi, bila kulipa hata franka. Sisi tukawaambia wako na mawazo ya kuvunja moyo. Tulikuwa tumekwisha kushika lugha ya kocha mbele hata ya kununua masomo yake. Kwa lile neno tunawaomba musamaha hapa, mbele ya wote.

Kwa haki, sauti ya nne ilitusaidia. Inafundisha kuanza na jibu, kisha sababu, kisha ushahidi chini ya kila sababu, sawa piramidi. Kocha aliiita «mbinu ya siri ya Wamarekani». Haiko siri: ni kazi ya mwanamuke, Barbara Minto, mwenye aliitengeneza alipokuwa anafundisha watu wa McKinsey kuandika ripoti, tangu miaka ya 1960, na aliiandikia kitabu. Tulichukua mukanda wetu juu ya umeme, wenye ulikuwa na kurasa nne na ulianza na historia ya uhuru. Tukaupindua. Sasa uko ku ukurasa moja, na mustari wa kwanza unasema tunaomba nini, kwa nani, na mbele ya siku gani. Ile kazi ilitukula dakika 50 na ilikuwa nzuri. Kama mutu angetuuzia ile sauti moja, dola 2, tungenyamaza.

Na njo ule mukanda unatuleta ku aibu yetu yenyewe.

Mu mutaa wetu transfo imeungua. Mulishajua. Tulijiambia: tujaribu maswali matano namna ya Ohno, bila piano. Juu ya nini hakuna umeme? Transfo imeungua. Juu ya nini? Nyumba zenye zimefungwa juu yake zimepita nguvu yake. Juu ya nini? Watu wanafungiwa waya bila karatasi, usiku, kwa kupatia mutu feza mu mukono. Juu ya nini hawapiti mu ofisi? Mwenye alipita mu ofisi alingojea miezi, kisha akaambiwa ajinunulie waya na nguzo mwenyewe. Juu ya nini? Pale tulinyamaza. Hakuna hata mumoja mu ile parsela mwenye alikuwa anajua. Jibu la tano halikuwa mu vichwa vyetu, na halikuwa mu simu. Lilikuwa mu kitabu cha ofisi: nyumba ngapi zimeandikwa ku ile transfo, zinalipa ngapi, na feza za kutengeneza zinapitia wapi.

Basi siku ya kwanza ya juma wawili wetu walienda ku ofisi kuomba kuona. Yaya mumoja wa pale, mutu wa heshima, hakuwafukuza. Aliwaambia: batoto, leteni mukanda, na kopi kwa shefu wa mutaa, kwa burugumesta, kwa meya, na karatasi ya majina ya wenye parsela na sinyatire zao. Pale njo tutaongea.

Kopi. Karatasi ya majina. Kipaza sauti cha kuita wenye parsela waje kutia sinyatire. Vile vitu vitatu njo zile dola 60 zilikuwa zimepangiwa, na sisi saba tulizitoa kwa mutu mwenye anatuambia shida iko ndani yetu. Wale wawili walirudi ku miguu.

Tunajua kuna wenye wataandika hapa chini kwamba tuko na wivu, kwamba kocha anapata mukate wake naye, kwamba afazali yeye mwenye anafundisha kuliko sie wenye tunapiga kelele. Ajipatie mukate. Hatumukatazi kuuzisha. Lakini akiuzisha chujio bila matundu, mwenye alinunua ana haki ya kusema mu soko. Na wingine watasema kijana akijiona yeye njo shida, angalau atajikaza. Tumeona vile anajikaza. Mwenzetu mumoja kati yetu saba, mwenye anauzisha mega, alichukua dola 10 ku mutaji wake juu ya sertifika. Sertifika ilikuja, picha ya karatasi na jina lake limeandikwa vibaya. Juma lililofuata hakuwa na vitu vya kuuzisha. Alikaa mu nyumba siku nne, na tulipoenda kumuona alisema: labda ni mimi tu. Na sauti ilikuwa ile ya kocha, polepole, ilikosa paka piano.

Umeme wa Inga unafika huku Katanga kwa waya yenye inapita kilometa karibu 1,700, kutoka karibu na bahari mpaka Kolwezi, tangu mwaka 1982, na ilijengwa juu ya shaba. Inapita juu ya vijiji vyenye mpaka leo vinawasha mushumaa. Wale wanakijiji wakisema juu ya mimi mara tatu, waya haitashuka.

Basi hesabu ni hii. Kocha tulimuandikia mara mbili, akajibu mara moja, na sauti: feza hazirudi, na tuko na «kofia nyeusi». Sisi saba tutarudisha dola 60 mu sanduku, kila mumoja franka 2,000 kila wiki, mpaka iishe. Mwenye mega hatalipa mpaka mutaji wake urudi, sehemu yake tutaibeba sie sita. Kitabu cha sanduku sasa kiko kwa wale wenzetu wawili wenye walikataa. Kuanzia leo, feza yenye imepita dola 20 haitoki bila mutu mumoja kuwekwa kazi ya kutafuta juu ya nini tusiitoe, na apewe dakika kumi za kuongea bila kukatwa.

Mukanda wa ukurasa moja uko tayari. Shefu wa mutaa amekubali kuupokea. Siku ya posho, saa tisa ya muchana, ku fasi yetu ya siku zote. Kila mwenye parsela, ao mutoto wake mukubwa, aje na fakitire ya mwisho ya umeme, hata kama ni ya mwaka uliopita, na kama hajapata fakitire hata siku moja aje aseme tarehe yenye alifungiwa waya na kiasi alichotoa. Jina la mwenye alipokea feza haliandikwe hapa, litaandikwa pale. Mwenye iko na kalamu alete mbili.